Lori la Siku ya Mgeni

Rangi mbichi ina harufu ile ile popote duniani, na Brigedia alikuwa ameinusa karibu maisha yake yote ya ukubwa. Akienda kukagua hospitali ya jeshi, rangi mbichi. Akienda kukagua ghala la mahema, rangi mbichi. Mkewe humtania kwamba mume wake anaamini dunia nzima ilipakwa rangi jana jioni. Basi asubuhi ile, aliposhuka kwenye gari mbele ya makao makuu ya kikosi cha nchi yake huko ng'ambo, baada ya kupanda ndege mbili na kukesha kwenye kiti kisicholala, pua ilimpokea kabla ya wenyeji. Mawe ya kando ya njia yalikuwa meupe pe. Hata miti ilipakwa chokaa hadi kiunoni, ikasimama mistari miwili kama watoto waliovalishwa soksi za shule.

"Karibu sana, afande," alisema Kanali, mkuu wa kambi, mtu mwenye kitambi kidogo na sauti ya kubembeleza. "Hapa umefika nyumbani."

"Ahsante. Kuna kiti?"

Kanali akacheka, akidhani ni mzaha. Masikini, haukuwa mzaha. Goti la kulia la Brigedia lilikuwa limevimba tangu kwenye ndege, na mtu mwenyewe alikuwa amebakiza miezi ya kuhesabu kwa vidole kabla ya kustaafu. Hii ndiyo ilikuwa ziara yake ya mwisho. Kazi aliyotumwa ilikuwa nyepesi kuitaja: aone askari wanalala wapi, wanakula nini, wanatibiwa vipi, kisha arudi aseme. Ziara za namna hiyo alishafanya nyingi, na karibu zote alirudi akasema mambo ni mazuri, kwa sababu mambo aliyoonyeshwa yalikuwa mazuri.

Lakini safari hii alikuwa na agizo la pili, ambalo halikuwamo kwenye ratiba ya mtu yeyote. Alipewa na dada yake, jikoni kwa dada yake, mama mtu mzima akiwa anapepeta mchele bila hata kumtazama usoni.

Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ana mtoto mmoja tu, binti, aliyerithi jina la bibi yake, kwa hiyo ukoo mzima humwita Bibi tangu akiwa hajaota meno. Bibi alikua, akawa askari mpishi, na mwaka uliopita akapelekwa kwenye kambi hiyo hiyo ya ng'ambo. Mwanzoni alikuwa akipiga simu ya picha kila Jumapili, anacheka, anamwonyesha mama yake masufuria makubwa kama mapipa. Halafu picha zikakoma. Ukabaki ujumbe mfupi: Mama niko salama, kazi nyingi. Mama kamera ya simu imekufa. Mama niko salama.

"Mtoto wangu hajawahi kuwa na kazi nyingi kiasi cha kunificha uso," dada alisema. "Gogo, mimi mzee lakini si mjinga."

Gogo ndilo jina lake la utotoni. Alikuwa mtoto wa kulala popote, akabebwa kutoka mkekani hadi kitandani bila kujitambua, na asubuhi akauliza nani kamhamisha. Siku hizi duniani amebaki mtu mmoja tu wa kumwita hivyo.

"Nitamwona, dada."

"Usiniletee habari za kuambiwa. Sijui Kanali kasema, sijui daktari kasema, sitaki. Kamwone kwa macho yako mawili. Si wewe uliyempeleka jeshini?"

Hapo alimshika pabaya, maana ni kweli. Mjomba mtu ndiye aliyemtia moyo msichana, ndiye aliyemwambia dada yake asiwe na wasiwasi, jeshi ni nyumba.

Msomaji atauliza, si angemwita tu? Brigedia mzima anashindwaje kumwita mpishi mmoja? Hivyo ndivyo asemavyo asiyejua kambi. Mkubwa akimtaja askari mdogo kwa jina, kesho yake wenzake watamwogopa, na keshokutwa watamchukia. Mbaya zaidi, ataogeshwa, atavalishwa, ataletwa mbele ya mgeni akiwa amefundishwa la kusema. Kwa hiyo Brigedia alipanga kupita jikoni kama anavyopita kokote, amtupie jicho moja, aone amesimama kwa miguu yake, basi. Deni la dada liishe.

Ziara ikaanza. Kiongozi wa msafara alikuwa Kapteni mmoja kijana mwenye ratiba mkononi, ambaye kila baada ya hatua chache alitazama saa kama mtu aliyeacha chungu motoni. Wakaingia mabwenini. Vitanda vimetandikwa, mashuka yamevutwa hadi ungeweza kupiga ngoma juu yake. Askari wamesimama kila mmoja kando ya kitanda chake.

Sasa, jeshini kila mkubwa ana wazimu wake. Yuko anayepitisha kidole juu ya mlango kutafuta vumbi, yuko anayefunua mito. Wazimu wa Brigedia ulikuwa soli. Alikuwa akimwambia askari ageuke, ainue mguu, halafu anautazama unyayo wa kiatu kama fundi anayetazama kwato ya punda. Askari walimpa jina, Mzee wa Soli, na jina hilo lilikuwa limefika kambini kabla yake.

"Inua," alimwambia kijana wa kwanza.

Kijana akainua. Soli ilikuwa nyeusi tii, haina mkwaruzo, na karatasi ya namba ya kiatu bado imebandikwa.

"Kiatu cha lini hiki?"

"Cha siku nyingi, afande!"

"Kinakubana?"

"Hapana, afande!" Kijana alijibu kwa nguvu, huku jasho limemtoka puani.

"Kanyaga taratibu, mwanangu," Brigedia akasema, akasogea kwa wa pili. Soli mpya. Wa tatu, mpya. Walipoamriwa kutoka nje ndipo akaona kichekesho chenyewe: kikosi kizima kinachechemea. Viatu vilitolewa ghalani jana, kila mtu akapewa kilichokuwepo, wa mguu mkubwa na wa mguu mdogo, na sasa walikuwa wakitembea kwa ncha za vidole kama watu wanaopita penye mtoto aliyelala. Nyuma yake akasikia mnong'ono.

"Wewe, pita huku! Ukikanyaga tope, stoo utakilamba kwa ulimi."

"Kheri nikilambe kuliko kukivaa. Kidole gumba changu nimeshakiaga."

Brigedia hakugeuka. Goti lake linauma, askari wanachechemea, mgeni na wenyeji wakawa wanatembea mwendo mmoja.

Kwenye zahanati vitanda vilikuwa vitupu. "Hakuna mgonjwa hata mmoja?" akauliza. "Wote wazima, afande," akajibiwa. Akawaza: kambi nzima, hata mafua? Lakini alikuwa amechoka kuuliza maswali ambayo majibu yake anayajua. Akatikisa kichwa, wakaenda jikoni.

Jikoni alijivuta. Alisimama mbele ya sufuria la mvuke, kubwa, la kupikia watu mia kadhaa kwa mara moja, limepakwa rangi ya fedha hadi linamwonyesha mtu sura yake. Akaligonga kwa kiganja. "Hili linafanya kazi?"

"Vizuri mno, afande," Kanali akajibu.

"Safi. Jiko zuri."

Wapishi walipangwa mstari, wamevaa meupe. Akapitisha macho kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi tena. Bibi hakuwepo.

"Wapishi wote ndio hawa?"

"Wote, afande."

"Hamna wa kike?"

Kanali akamtazama Kapteni, Kapteni akatazama saa. "Wako mapumziko, afande," Kanali akasema.

Mwili wa Brigedia ukazidi kuwa mzito. Wakamtoa kwa mlango wa nyuma, wakampitisha uwanja wa magari. Malori yamepangwa sawasawa, tairi zimepigwa rangi nyeusi. Katikati ya mstari palikuwa na pengo moja, kama jino lililong'olewa, na chini palidondoka oili ambayo bado ilikuwa mbichi.

Akasimama pale kwenye pengo. Alijua.

Alipokuwa askari wa kawaida, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyoachama midomo, alipandishwa lori la namna hiyo. Siku mkubwa anapokuja, alfajiri, hukusanywa wenye magwanda yaliyochanika, wanaokohoa, wenye vidonda, na wale wenye midomo mirefu. Hupakiwa kwenye lori, hupelekwa mahali mgeni hawezi kufikiria kwenda, hukaa huko mpaka mgeni aondoke. Yeye na wenzake walishinda juani siku nzima, na jioni waliporudi wakaambiwa jenerali amesema hajawahi kuona kambi bora kama ile. Ndipo alipoapa kwamba akija kuwa mkubwa ataangalia soli. Akawa mkubwa, akaangalia soli. Na alipopewa kambi yake mwenyewe, siku za wageni palikuwa na pengo kwenye mstari wa malori yake pia, na yeye hakuuliza lori limekwenda wapi. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Leo mwanaharamu alikuwa yeye.

"Hapa hukaa gari gani?"

"Lori, afande," Kapteni akasema. "Liko doria."

"Doria ya wapi?"

"Ya... ya kawaida, afande."

"Baada ya hapa kuna nini?"

Uso wa Kapteni ukachangamka. "Chakula, afande! Kila kitu tayari. Askari wameshakaa mezani, wanakusubiri wewe tu."

Desturi ni kwamba hakuna anayegusa kijiko kabla ya mgeni. Brigedia akaiona meza kichwani mwake, na kando ya meza kiti, kiti chenye mto. Ilikuwa imebaki kusema "hongereni" tu, kisha akakae. Angemwambia nini dada? Kwamba Bibi yuko mapumziko, Kanali kasema?

"Kabla ya chakula," akasema polepole, "nataka kuona shimo la taka."

Tangu kambi ijengwe hapakuwahi kutokea mgeni wa kutaka kuona shimo la taka.

"Afande, kule kunanuka," Kanali akasema.

"Na rangi inanuka."

"Goti lako, afande..."

"Ndiyo maana tunakwenda kwa gari."

Alichagua shimo la taka kwa sababu wao enzi zile walifichwa shimo la taka, na akili za kuficha watu hazibadiliki upesi. Ndani ya gari sauti ya kubembeleza ilimwishia Kanali, ikabaki sauti ya mtu.

"Kaka, nisikilize kama mdogo wako. Viatu nimeviomba mpaka nimeona aibu. Jiko jipya nimeomba. Naambiwa subiri. Nikikuonyesha ubovu, watasema kamanda mbovu. Nikiuficha, watasema kamanda hodari. Sasa ningefanyaje?"

"Sijui," Brigedia akajibu, na kweli alikuwa hajui. "Hata mimi sikujua."

Lori lilikuwa nyuma ya kilima cha taka, turubai limeshushwa, nzi wanaimba. Brigedia aliteremka kabla ya wengine, akasikia mazungumzo ndani.

"Eti mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji katupwa jalalani!"

"Nasikia leo kuna nyama."

"Wewe nyama utaisikia kwa harufu, tena huku hata harufu haifiki."

"Wala msililie," sauti ya kike ikadakia. "Nyama yenyewe ngumu kama mshipi. Jana nimeikata mwenyewe, kisu kimeomba likizo."

Wakaangua kicheko. Brigedia alishika ubavu wa lori. Ile sauti ilikuwa ya Bibi, na uchokozi wake ulikuwa wa yule bibi aliyempa jina, marehemu mama wa Brigedia.

Akafunua turubai. Basi hapo ikawa patashika: waliolala wakaamka, waliocheza karata wakazikalia, waliosimama ghafla wakagonga vichwa kwenye vyuma. Sajini mmoja mwenye gwanda lililochanika begani akapiga saluti.

"Afande! Doria iko salama, afande!"

"Naona. Kaeni, jamani. Hata mimi natafuta pa kukaa."

Bibi alikuwa kwenye pembe ya mwisho, amejifunga kitambaa kutoka sikioni hadi begani. Brigedia akamwashiria ashuke. Wakasogea hadi kivuli cha lori.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Toa kitambaa."

Akasita, kisha akatoa. Upande wa kushoto, kuanzia chini ya sikio, kupita taya hadi shingoni, ngozi ilikuwa nyekundu, inang'aa, imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakaushwa.

"Sufuria la mvuke," alisema Bibi kabla hajaulizwa. "Komeo la mfuniko lilikufa zamani, tukawa tunaufunga kwa waya. Siku hiyo waya ukakatika."

Mjomba mtu alikitazama kiganja chake. "Bado mnafunga kwa waya?"

"Waya mpya. Wameupaka rangi, hauonekani."

"Na mama yako?"

"Mjomba, nakuomba, usimwambie. Atalia mpaka nirudishwe, na mimi sitaki kurudi kama kitu kilichoharibika. Daktari wetu ni mzuri, ananipaka dawa kila siku, ngozi inarudi. Nikimaliza muda wangu itakuwa imepoa, nitajionyesha mwenyewe. Wewe mwambie tu umeniona, nimenenepa. Si uongo, nimenenepa."

Ni kweli alikuwa amenenepa. Na ingekuwa rahisi. Brigedia alikuwa amechoka kiasi kwamba kila kilicho rahisi kilimwita kama kitanda.

"Hata wewe, Bibi," alisema. "Hata wewe unanipakia rangi."

Msichana akainamisha kichwa. Mjomba akamshika bega, kisha akageuka kwa Kanali aliyekuwa amesimama mbali kama mkwe asiyejua aingie au asiingie.

"Lile sufuria lisiwashwe tena."

"Tutapikia nini, afande?"

"Sufuria ndogo. Chakula kitachelewa, hakuna aliyewahi kufa kwa kuchelewa kula. Nikirudi nyumbani nitasema nilichokiona, na nitasema pia kwamba uliomba ukanyimwa. Sasa tangulia. Waambie askari waanze kula."

"Hawawezi kuanza bila mgeni, afande."

"Basi wanisubiri, nakuja na wenzao."

Akaomba mkono. Sajini akavuta, Bibi akasukuma kwa chini, goti likalia kama bawaba kavu, Brigedia mzima akaingia kwenye lori la wabovu na kukaa juu ya ubao. Tangu asubuhi, hicho ndicho kiti cha kwanza. Akashusha pumzi ndefu hadi askari wa karibu akajikuta anashusha na yake.

Lori likaondoka. Akatoa simu mfukoni, akamkabidhi Bibi. "Piga."

"Mjomba..."

"Nilimwahidi macho yangu. Lakini macho yangu yamechoka, mwanangu. Atumie yake."

Bibi akapiga, akaielekeza simu upande wa uso ulio mzima. Ikatokea nusu ya paji la uso, maana dada hajawahi kujua kushika simu.

"Gogo?" paji la uso likaita kwa sauti ya lori zima kusikia. Askari wakaumana midomo. "Gogo, umefi... Ee! Bibi!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ndiyo, mama, nimene..."

"Geuka."

"Mama, lori linatikisika sana, mtandao..."

"Geuza uso, mwanangu. Upande wa pili."

Ndani ya lori hapakuwa na aliyekohoa, hata wale waliofichwa kwa sababu ya kikohozi. Bibi akageuka. Kule kwa dada simu ikashuka kutoka pajini, na kwa mara ya kwanza yakaonekana macho.

"Inauma?"

"Iliuma. Sasa inawasha tu."

"Usijikune. Unanisikia? Hata ikiwasha vipi, usijikune. Na Jumapili unipigie, nikuone hivyo hivyo. Mpe mjomba wako."

Brigedia akapokea.

"Umemwona?"

"Nimemwona, dada."

"Na kilichomfanya hivyo, umekiona?"

"Nimekiona. Asubuhi nilikisifu."

Lori likaingia shimo, likatoka. "Na sasa?"

"Kimezimwa."

"Gogo, sura imekushuka. Nenda ukalale."

Hakuhitaji kwenda. Aliegemeza kichwa kwenye chuma cha turubai, na kabla lori halijafika lango la nyuma alikuwa anakoroma. Sajini akagonga ukuta wa dereva: polepole. Walipofika mbele ya bwalo, Kapteni alikuja mbio na saa yake.

"Mgeni yuko wapi? Watu wana njaa!"

"Yumo humu, amelala."

"Mwamsheni!"

Wakatazamana. "Mwamshe wewe, Bibi," Sajini akasema. "Si mjomba wako?"

"Thubutu! Kwetu wanasema gogo haliamshwi, linabebwa." Akajifunga kitambaa, akakifikiria, akakifungua tena na kukitia mfukoni. "Ameshasema watu wale. Mimi mwenyewe nimemsikia."

Kwa hiyo siku ile kambi ikala kabla ya mgeni. Wenye viatu vipya walivivua chini ya meza, wenye viatu vibovu wakakaa katikati yao, nyama ikawa ngumu kama ilivyotabiriwa. Bibi alimfunikia mjomba wake sahani.

Nje, Brigedia aliendelea kulala. Walikuwa wamemlaza kwenye ubao, miguu ikatokeza nje ya turubai, na kila aliyepita na sinia aliziona soli zake: zimelika upande mmoja, ule wa goti bovu, hadi msumari wa kisigino unachungulia.